Maisha ya Jenerali Habyarimana na Kiti cha Mkuu wa Jeshi



Kwenye mkutano wetu uliopita wa wanafunzi wa zamani, Mwalimu Mkuu alitupa nafasi ya kuzungumza na vijana walioko shuleni sasa. Tulizungumza mambo ya kilimo, ya kazi na ya nidhamu. Mwishoni kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akauliza ni kwa nini Mkuu wa Majeshi wa nchi yetu hajapata hata siku moja kuwa Rais, na hali kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi jambo hilo limetokea mara nyingi. Wenzake walicheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Muda ulikuwa umekwisha, nami nikamjibu kwa maneno mawili matatu tu yasiyotosha. Tangu siku hiyo nimekuwa na deni kwake.

Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, niliona hapo ndipo pa kulipa deni hilo. Mtu niliyemchagua ni Jenerali Juvénal Habyarimana wa Rwanda. Najua wapo wenzangu watakaokunja uso kuliona jina hilo katika jarida letu. Nawaomba wasome mpaka mwisho. Sikumchagua ili nimsifu. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanajibu swali la yule kijana, na kwa sababu sisi wa Ngara na Biharamulo tumeyalipia maisha hayo gharama kubwa ingawa hatukuwa raia wake.

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi zote mbili. Ukisimama Rusumo unaiona Rwanda ng'ambo ya maporomoko; ukienda Kabanga umefika mlangoni mwa Burundi. Lugha zetu ni za ukoo mmoja. Hata jina la Habyarimana, mzee wa Kihangaza halihitaji mkalimani kulielewa, maana linasema kwamba azaaye ni Mungu.

Habyarimana alizaliwa tarehe 8 Machi 1937 katika sehemu za Gisenyi, kaskazini magharibi mwa Rwanda. Baba yake alikuwa katekista wa Kanisa Katoliki. Kijana alisomeshwa katika shule za misheni, kisha akavuka mpaka kwenda Bukavu, Kongo, kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Paulo, ambako alijifunza hisabati pamoja na masomo mengine. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa, akaanza kusomea udaktari. Kama mambo yangekwenda kama alivyopanga, Rwanda ingepata daktari.

Lakini mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru na mara ikaingia katika machafuko. Habyarimana alirudi kwao. Rwanda nayo ilikuwa katika misukosuko. Tangu Novemba 1959 Wahutu walikuwa wamewaasi watawala wa Kitutsi, watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu ya Watutsi walikimbilia nchi za jirani, ikiwamo Tanganyika. Hapa kwetu Ngara walipewa makazi Muyenzi. Wengi wa rika langu tulisoma darasa moja na watoto waliozaliwa Muyenzi, tukala nao ugali wa bweni, tukacheza nao mpira, bila kufikiri sana ni kwa nini wazazi wao waliondoka kwao.

Wabelgiji, waliokuwa bado wanaitawala Rwanda, walianza kuunda jeshi dogo la wenyeji na kufungua shule ya maofisa mjini Kigali. Habyarimana aliingia katika shule hiyo mwishoni mwa mwaka 1960, akiwa miongoni mwa vijana wa kwanza kabisa, na mwaka 1961 akahitimu akiwa Luteni Usu. Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Rais wake akiwa Grégoire Kayibanda. Jeshi likaitwa Walinzi wa Taifa, nalo likaendelea kwa muda kuongozwa na Wabelgiji. Mwezi Juni 1963 Habyarimana alikabidhiwa cheo cha Mnadhimu Mkuu, na kwao hicho ndicho kilichokuwa cheo cha juu kabisa cha askari. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hapa naomba tusimame kidogo tutazame upande wetu wa mto, maana miezi michache baadaye jambo kama hilo lilitokea Tanganyika. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza ili maasi yazimwe, na hiyo ilikuwa aibu kubwa kwa taifa changa. Jeshi la zamani likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiongozwa na Mrisho Sarakikya, kijana mwenye umri wa miaka 30 hivi, aliyepata mafunzo ya uofisa Sandhurst, Uingereza.

Basi tazameni, ndugu zangu. Nchi mbili jirani, vijana wawili, na kiti kimoja kigeni ambacho hakuna Mwafrika wa nchi hizo aliyepata kukikalia kabla yao. Wote wawili walipewa nguvu ambazo wazee wenye mvi hawakuwa nazo. Tofauti ilikuja baadaye, katika namna kila mmoja alivyokitumia kiti hicho na namna alivyoondoka.

Sarakikya aliongoza jeshi kwa miaka 10. Mwaka 1974 Amiri Jeshi Mkuu, Mwalimu Nyerere, alimteua Abdallah Twalipo kushika nafasi hiyo, na Sarakikya akakabidhi, akaenda kutumikia taifa katika kazi za uwaziri na ubalozi. Twalipo ndiye aliyekuwa Mkuu wa Majeshi wakati wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vita ambavyo mkoa wetu haujavisahau. Mwaka 1980 naye akamwachia David Musuguri.

Habyarimana alikwenda njia nyingine. Mwaka 1965 alifanywa Waziri anayehusika na Walinzi wa Taifa na Polisi, bila kuuacha uongozi wa jeshi. Yaani waziri aliyepaswa kumsimamia mkuu wa jeshi, na mkuu wa jeshi mwenyewe, wakawa mtu mmoja. Hilo peke yake lilikuwa kosa, ingawa wakati ule lilionekana ni urahisi wa kazi tu.

Mwanzoni mwa mwaka 1973 Rwanda iliingia tena katika fujo. Wanafunzi na walimu wa Kitutsi walifukuzwa mashuleni na vyuoni, na wengine wakavuka mpaka. Wakati huohuo viongozi wa kaskazini walikuwa wamechoka kuona madaraka yote yakishikwa na watu wa kusini alikotoka Kayibanda. Mwezi Aprili Habyarimana alipandishwa cheo kuwa Meja Jenerali. Tarehe 5 Julai 1973 alimpindua Rais aliyempandisha. Kayibanda aliwekwa kizuizini, akafa huko mwezi Desemba 1976, na makumi ya viongozi waliokuwa pamoja naye walikufia magerezani katika miaka hiyo.

Watu wengi, na hata Watutsi wengi, waliyapokea mapinduzi hayo kwa nafuu, na haki inanidai niseme sababu. Fujo zilikoma. Kwa miaka 17 iliyofuata hapakuwa na mauaji makubwa ya kikabila kama yale ya miaka ya 1960. Serikali yake ilijenga barabara nzuri, ilipeleka maji vijijini, na tangu mwaka 1974 ilisisitiza kazi za pamoja za kila juma zilizoitwa umuganda. Wafadhili wa Ulaya waliisifu Rwanda kwa nidhamu na bidii. Wasafiri wa kwetu waliokwenda Kibungo na Kigali walirudi wakisimulia usafi wa miji. Mwaka 1977 Rwanda, Burundi na Tanzania zilitia sahihi palepale Rusumo mkataba wa kuliendeleza kwa pamoja bonde la mto Kagera.

Lakini chini ya usafi huo kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakusafishwa. La kwanza ni ukabila wa kwenye karatasi. Vitambulisho vilivyoletwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, vyenye kuonyesha kabila la kila mtu, viliendelea kutumika. Nafasi za shule za sekondari na za kazi ziligawanywa kwa hesabu ya kabila na ya mkoa. Mwanafunzi wa leo anayesoma makala hii afikirie kushinda mtihani kisha akanyimwa nafasi kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwenye kadi ya baba yake. Na wale waliokimbia tangu mwaka 1959 waliambiwa kwamba nchi ni ndogo, imejaa, na hakuna pa kuwaweka wakirudi. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 30,000 wa asili ya Rwanda kuanzia mwaka 1980, na miongoni mwao walikuwamo wenzetu wa darasani. Nchi nyingine hazikufanya hivyo, na watoto wa wakimbizi huko walikua wakiitazama Rwanda kwa mbali.

La pili linahusu kile kiti. Baada ya kuwa Rais, Habyarimana hakukiachia. Alikuwa Rais wa nchi, mwenyekiti wa chama pekee cha MRND alichokianzisha mwaka 1975, Waziri wa Ulinzi, na bado mkuu wa jeshi. Kazi za kila siku aliwaachia manaibu, hasa Kanali Laurent Serubuga, aliyekaa katika unaibu huo kwa karibu miaka 20. Maofisa wenye nguvu walitoka sehemu za kwao kaskazini, na ndugu wa upande wa mke wake walikuwa na sauti kubwa katika kila jambo. Watu waliliita kundi hilo Akazu, yaani kijumba. Uchaguzi ulifanyika mwaka 1978, 1983 na 1988, yeye akiwa mgombea wa pekee.

Jeshi la namna hiyo linajifunza kumtii mtu, wala halijifunzi kuitii sheria. Ofisa aliyeingia kazini mwaka 1973 aliweza kutumikia miaka 19 bila kuona mkuu wa jeshi akikabidhi ofisi kwa mwingine. Hakuona raia asiye askari akimwamuru jenerali. Hakuwa na mfano wa kuufuata.

Tarehe 1 Oktoba 1990 watoto wa wakimbizi, wengi wao askari wa jeshi la Uganda, waliingia Rwanda kwa silaha wakiwa chama cha RPF. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na njaa ilikuwa imezipiga sehemu za kusini mwaka uliotangulia. Jeshi la Rwanda lililokuwa na askari wapatao 5,000 lilipanuliwa haraka mpaka likapita 30,000. Mwaka 1991 vyama vingi vikaruhusiwa, na mwezi Aprili 1992 Habyarimana akalazimika kuvua magwanda na kuachana na cheo cha jeshi. Kanali Serubuga akastaafishwa, na Déogratias Nsabimana akawa Mnadhimu Mkuu. Yalikuwa mabadiliko mazuri, lakini yalichelewa, tena yalifanywa katikati ya vita.

Tarehe 4 Agosti 1993 ulitiwa sahihi Arusha mkataba wa amani, Rais Mwinyi akiwa mwenyeji. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya jeshi. Ilikubaliwa kwamba majeshi mawili yaunganishwe, asilimia 60 ya askari watoke upande wa serikali na 40 upande wa RPF, na maofisa wawe nusu kwa nusu. Kwa maofisa wa kaskazini waliozoea kuwa na kila kitu, huko kulikuwa kunyang'anywa urithi. Habyarimana alitia sahihi, kisha akachelewesha utekelezaji mwezi baada ya mwezi.

Tarehe 6 Aprili 1994 alikuja Dar es Salaam katika mkutano wa marais wa eneo letu, ambako alisukumwa autekeleze mkataba. Jioni aliondoka kwa ndege yake, akiwa na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Alikuwamo pia Jenerali Nsabimana, Mnadhimu Mkuu. Ndege ilipokaribia kutua Kigali ilitunguliwa kwa makombora, na mabaki yake yakaanguka katika bustani ya nyumba ya Rais mwenyewe. Wote waliokuwamo walikufa. Mwili wa Habyarimana ulipelekwa Zaire kwa rafiki yake Mobutu, ukahifadhiwa Gbadolite, mpaka mwaka 1997 utawala wa Mobutu nao ulipoanguka.

Basi usiku ule Rwanda haikuwa na Rais wala mkuu wa jeshi. Kisheria madaraka yalikuwa ya Waziri Mkuu, mama Agathe Uwilingiyimana, ambaye hakuwa askari. Maofisa walikutana usiku uleule, Kanali Théoneste Bagosora wa Wizara ya Ulinzi akiwaongoza, wakamkataa. Asubuhi ya tarehe 7 askari wa Walinzi wa Rais walimwua. Marcel Gatsinzi aliteuliwa kushika uongozi wa jeshi. Alidumu siku 10 hivi, kisha nafasi yake ikachukuliwa na Augustin Bizimungu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki, yalikuwa yameanza. Katika siku 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000. Bagosora na Bizimungu walihukumiwa baadaye na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha.

Yaliyofuata hapa kwetu wenzangu wa rika langu mnayajua. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika saa 24. Wageni wa siku moja waliwazidi wenyeji wa wilaya nzima. Darajani walinzi wetu waliwanyang'anya mapanga na silaha nyingine, zikarundikana kando ya barabara kama kuni. Chini ya daraja maji ya Kagera yalikuwa yakipitisha miili ya waliouawa, kuelekea Ziwa Victoria. Nilitazama mara moja, sikurudi tena pale kutazama.

Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni iliyokuwa imejenga barabara, ikawa mji mkubwa kwa majuma machache. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo wakulima wasio na hatia, wajane na watoto, na walikuwamo wauaji waliokuja na viongozi wao. Hatukuweza kuwatofautisha kwa macho. Miti yetu iliisha kwa kuni, visima vilikauka, zahanati zilijaa. Wengi walirudishwa kwao mwezi Desemba 1996, lakini bunduki hazikurudi zote. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita katika misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye silaha, na wapo tuliowazika kwa ajili ya majambazi wa njia ile.

Na Burundi je? Huko Kapteni Micombero alichukua nchi mwaka 1966, Kanali Bagaza mwaka 1976, Meja Buyoya mwaka 1987, na mwezi Oktoba 1993 askari wakamwua Rais Ndadaye aliyechaguliwa na wananchi. Makumi ya maelfu walikimbilia Ngara hata kabla ya wale wa Rusumo. Kambi ya Lukole ilidumu kwetu hadi miaka ya 2000.

Sasa nimjibu yule kijana. Mkuu wa Majeshi wetu hakuwa Rais kwa sababu tangu mwaka 1964, baada ya aibu ya maasi, nchi hii iliamua kwamba mwenye bunduki ataamriwa na aliyechaguliwa na wananchi, na ya kwamba kiti kile ni cha kupokezana. Baada ya Musuguri walikuja Kiaro mwaka 1988, Mboma mwaka 1994, Waitara mwaka 2001, Mwamunyange mwaka 2007, Mabeyo mwaka 2017 na Mkunda mwaka 2022. Sisemi kwamba sisi ni malaika. Mwaka 1964 tulikaribia sana kuangukia kulekule walikoangukia wenzetu, na maofisa wa jeshi wamepewa kazi za siasa hapa pia. Lakini kila mmoja wa waliomtangulia Mkunda alikabidhi ofisi, akatoka, na nchi ikalala salama usiku ule.

Habyarimana hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mtu wa sala na mwanafunzi hodari, ambaye angeweza kukaa mbele ya darasa lolote katika shule yetu. Alipewa kiti kikubwa akiwa kijana, hakuna aliyemwonyesha namna ya kukitoka, naye hakuwafundisha waliomfuata. Alipoondoka kwa ghafla, wale maofisa walijua namna moja tu ya kushika nchi.

Kwa nyinyi vijana mtakaoingia jeshini, na najua mpo, nawatakia vyeo vikubwa. Siku mtakapokalishwa kwenye kiti, hata kama ni cha koplo, kumbukeni kwamba hati ya makabidhiano nayo ni sehemu ya kazi. Na siku moja pitieni Rusumo. Siku hizi pana daraja jipya, malori ya Dar es Salaam yanavuka mchana na usiku, na mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawiwa nchi tatu uko palepale kwenye maporomoko. Mto ni uleule.